Kibao Hakiokoi Mtu

Wasomaji wenzangu, nimeomba nafasi katika gazeti letu la shule ili niseme machache juu ya jambo lililotupata muhula uliopita, ambalo naona wengi wetu tumekwisha anza kulisahau. Neno langu ni hili: mtu afunguaye bwawa la kuogelea na kupokea fedha za watu amechukua dhamana ya maisha yao, wala dhamana hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye kibao kilichopigiliwa ukutani.

Wale waliokuwamo katika safari ile wanakumbuka. Baada ya mizunguko ya asubuhi tulipelekwa kwenye bwawa la hoteli moja ili tupumzike. Kila mmoja wetu alilipa kiingilio cha shilingi 200. Maji yalikuwa na rangi ya majani mabichi, na mtu akisimama ukingoni hakuweza kuiona sakafu. Hapakuwa na kamba ya kutenga kina kifupi na kina kirefu. Kijana aliyetukatia tiketi ndiye aliyekuwa akiuza soda, na ndiye huyo huyo tuliyeambiwa kuwa anatuangalia. Tulipoingia majini, yeye alikuwa amekwenda stoo kuchukua kreti nyingine.

Mwenzetu mmoja, mfupi kuliko sisi sote, alikuwa akitembea majini polepole huku maji yakimfika kifuani. Mara sakafu ikashuka, naye akashuka nayo. Hakupiga kelele. Mimi nilikuwa mbali naye kama hatua nne, nikicheka na wengine, wala sikujua kuwa kuna jambo. Kama si kijana mwingine kukanyaga kitu laini chini ya maji na kushtuka, leo ningekuwa naandika makala ya namna nyingine. Alitolewa akiwa hana fahamu. Bahati njema mwalimu wetu alikuwa amejifunza huduma ya kwanza. Alimpulizia pumzi na kumkandamiza kifua, hata akakohoa na kutapika maji. Alilazwa hospitali siku mbili, na sasa yu pamoja nasi darasani. Twamshukuru Mungu.

Mwalimu alipomwendea mwenye hoteli, bwana yule hakubishana sana. Alinyosha kidole akaonyesha kibao ukutani: ANAYEOGELEA HAPA ANAOGELEA KWA HATARI YAKE MWENYEWE. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikwisha waonya."

Nimelifikiri jibu hilo siku nyingi, nami naona halina haki, tena halina sheria.

Katika Kenya yetu iko sheria inayoeleza wajibu wa mwenye mahali kwa wageni wake, nayo ni Sura ya 34 katika Sheria za Kenya. Imefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Sheria hiyo yasema kwamba mwenye mahali ni lazima achukue hadhari ipasayo ili mgeni wake awe salama katika shughuli iliyomleta. Yasema pia kuwa mwenye mahali ni lazima atazamie kuwa watoto hawana uangalifu kama wa watu wazima. Na juu ya maonyo yasema waziwazi: onyo peke yake halimtoi mwenye mahali lawamani, ila likiwa limetosha kweli kumfanya mgeni awe salama. Sasa nawauliza, kibao kile kilimfanya nani awe salama? Hakikuonyesha kina kinapoanzia, hakikusafisha maji, wala hakikuruka majini kumtoa mwenzetu.

Labda mwenye hoteli alidhani, kama tulivyodhani sisi, kuwa mtu anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono, basi wote huona. Sivyo. Mtu anayezama hutumia nguvu zake zote kutafuta pumzi, wala hana pumzi ya kuitia. Mikono yake huyakandamiza maji kando, haiwezi kupunga. Mapambano hayo juu ya maji aghalabu hayapiti dakika moja, na mtoto mdogo huzama upesi zaidi. Kwa hiyo mwokoaji anayeuza soda si mwokoaji. Dakika ile anayohesabu chenji ndiyo dakika ya mtu kufa.

Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ni kweli kuwa katika nchi kama zetu wengi huzama mitoni, ziwani, visimani na baharini. Lakini mto haukujengwa na mtu wala haukati tiketi. Bwawa limechimbwa na mtu, limejazwa na mtu, na mlango wake hufunguliwa kila siku na mtu apataye faida. Hapo ndipo dhamana inapoanzia.

Je, dhamana hiyo ni nini hasa? Kwa maoni yangu ni mambo manne.

La kwanza ni mwokoaji aliyefundishwa, asiye na kazi nyingine, mwenye boya na mti mrefu karibu naye. La pili ni kina kilichoandikwa kwa tarakimu kubwa pembeni, na kamba mahali sakafu inapoanza kushuka.

La tatu ni maji yenyewe. Maji safi si urembo. Maji yasipoonyesha sakafu, hata mwokoaji hodari hawezi kumwona aliyelala chini. Tena dawa ya klorini ikipungua, vijidudu vya kuhara na vya macho hupata makao. Lakini dawa nayo yataka mtu anayejua kazi yake. Sisi tunaosoma Kemia twajua kuwa klorini ya bwawani ikichanganywa na asidi hutoa gesi yenye sumu, inayounguza mapafu. Kwa hiyo yapasa dawa hizo ziwekwe mbalimbali, maji yapimwe kila siku, na vipimo viandikwe katika daftari ambalo mkaguzi aweza kulifungua siku yoyote.

La nne ni tundu la chini ambalo pampu huvutia maji, na hili watu wengi hawalijui. Mwaka 2002 huko Marekani, mtoto wa kike wa miaka saba aitwaye Virginia Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi ile, alinaswa na nguvu ya tundu la namna hiyo katika bwawa dogo la maji moto. Mtoto huyo alijua kuogelea. Mama yake alijaribu kumvuta akashindwa, na mtoto akafa. Mama huyo hakunyamaza. Alikwenda mbele ya wabunge akawaomba watunge sheria. Desemba 2007 sheria ikatiwa sahihi, ikapewa jina la mtoto wake, na kuanzia Desemba 2008 kila bwawa la umma katika nchi ile lilitakiwa kuwa na kifuniko maalum ambacho hakimnasi mtu. Ajabu ni hii: kifuniko ni kitu kidogo, na hakikuwapo mahali palipokitaka.

Ufaransa nayo ilitunga sheria tarehe 3 Januari 2003 kwa ajili ya mabwawa ya majumbani. Kila mwenye bwawa lililochimbwa ardhini alitakiwa kuchagua moja kati ya kinga nne: ua, king'ora, kifuniko, au kibanda cha kulifunika bwawa zima. Asiyetii aweza kutozwa faini ya hadi yuro 45,000. Angalieni kuwa katika kinga hizo nne, kibao cha maonyo hakimo.

Huku kwetu hatukosi sheria. Zaidi ya ile Sura ya 34, iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Hoteli ni mahali pa kazi, na mkaguzi ana mamlaka ya kuingia na kutazama. Katiba ya mwaka 2010 nayo imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara na kusimamia mahali pa burudani. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini ni sawa na kibao cha ukutani. Leseni niliyoiona siku ile ilikuwa katika fremu nzuri, nyuma ya meza ya mapokezi, nayo maji ya kijani yalikuwa hatua thelathini tu kutoka hapo.

Najua wenye mabwawa watajibu. Watasema mishahara ya waokoaji ni mizigo, na kiingilio kitapanda. Nami nasema, na kipande. Afadhali tulipe zaidi na turudi sote, au tusiende kabisa. Mwenye matatu akituambia kuwa breki ni ghali, kwa hiyo ametundika kibao kisemacho "Abiria asafiri kwa hatari yake," nani kati yetu atapanda? Watasema pia kwamba vijana ni watundu na hawasikii. Hilo nalikubali, siku ile tulikuwa tukisukumana. Lakini utundu wa vijana si habari mpya, na sheria imekwisha mwambia mwenye mahali kuwa autazamie. Anayetutaka tuje na fedha zetu ni lazima atutazamie pamoja na ujana wetu.

Wahenga walisema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Methali hiyo twazoea kuwaambia waogeleaji, lakini mimi naona yamfaa zaidi mwenye bwawa. Ameyavulia nguo siku aliyotundika bei mlangoni. Hana budi sasa kuyaoga yote: mwokoaji, kamba, dawa, kifuniko na daftari.

Na sisi tunalo fungu letu. Nashauri kwamba kabla shule yetu haijalipa kiingilio mahali popote, kiranja mmoja na mwalimu mmoja watangulie wakaulize maswali matano. Mwokoaji ni nani, na kazi yake nyingine ni ipi? Sakafu yaonekana? Kina kimeandikwa wapi? Tundu la chini lina kifuniko kizima? Mkaguzi alikuja lini mara ya mwisho? Jibu moja likikosekana, basi na turudi garini. Tutanung'unika njia nzima, hapana shaka, lakini tutanung'unika tukiwa hai.

Sikuyaandika haya ili kumchafulia mtu jina. Ndiyo sababu sikuitaja hoteli. Nimeyaandika kwa kuwa kila asubuhi mwenzetu yule hupita mbele ya dawati langu kwenda kuketi mahali pake, nami kila mara hukumbuka zile hatua nne. Mimi sikumwona. Lakini mimi sikulipwa ili nimwone. Aliyelipwa alikuwa stoo, na aliyemtuma huko alikuwa ofisini, akikitegemea kibao.