Miaka ya Shahada Huhesabiwa Tangu Lini?

Shahada ya kwanza huchukua miaka mingapi? Jibu la chuo ni fupi. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, shahada ya sayansi pamoja na ualimu ni ya miaka 3, uuguzi 4, na udaktari 5, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini.

Lakini chuo huhesabu tangu siku ya kuandikishwa. Mzazi huhesabu tangu siku mtoto alipovaa sare ya kwanza. Nchini Uganda ni miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya juu. Shahada fupi kabisa humalizika katika mwaka wa 16 wa masomo, madhali mtoto hakurudia darasa.

Kwa kijana wa Nakivale hesabu hiyo hurefuka. Makazi hayo ya wakimbizi wilayani Isingiro, kusini-mashariki ya Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda. Leo Wakongo ndio wengi. Aliyesoma Bukavu alifundishwa kwa Kifaransa, miaka 6 ya msingi na 6 ya sekondari. Uganda hufundisha kwa Kiingereza, na cheti chake hakina budi kulinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa. Na aliyekimbia usiku bila cheti? Huyo huenda akarudi kuketi na watoto wadogo kwake. Familia za askari zinaujua uhamisho wa katikati ya muhula, ijapokuwa uhamisho wao huja na barua na lori la mizigo.

Kisha kuna ada. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani kupitia Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, umewasomesha wengi, lakini waombaji huzidi nafasi. Mwaka unaopotea kwa kungoja haumo katika ratiba ya chuo. Umo katika umri wa mwanafunzi. Binti wa miaka 25 aliye mwaka wa kwanza huulizwa na majirani habari za harusi, si za mitihani.

Mzazi afikapo kwa msajili, asiulize urefu wa kozi peke yake. Aulize kwanza cheti kilinganishwe wapi na kwa muda gani, miezi mingi kabla masomo hayajaanza. Na nakala ya cheti hicho iwekwe kwa ndugu mwingine, si katika sanduku lilelile.