Nyumba ya Mjane Isitegemee Jina la Gavana

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, miji ya Meru na Embu haina meya. Madaraka yalihamia kaunti, na Jedwali la Nne la Katiba linataja makazi miongoni mwa kazi za kaunti. Anayelala kwenye baraza la duka mjini Embu, na mjane anayevujiwa kule Igembe, Meru, wote wana haki ya kubisha hodi kwa gavana.

Kawira Mwangaza alianza kuwajengea maskini kabla ya kuwa gavana wa Meru. Akiwa mmiliki wa Baite TV, kituo kinachotangaza kwa Kimeru, aliendesha mpango wa Okolea: familia maskini zikajengewa nyumba na kupewa ng'ombe, na watu wakaona. Mwaka 2017 wakamchagua Mwakilishi wa Wanawake bila chama. Agosti 2022, bila chama tena, akawashinda Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa madarakani, na Mithika Linturi, aliyekuwa seneta.

Jarida hili la wana wa Meru na Embu tulioko Marekani linamshukuru kwa hilo. Aliwafuata watu ambao wanasiasa wengi huwakumbuka siku ya kampeni tu, akaingia vibandani mwao na kuwapa heshima.

Lakini Okolea ilibaki yake. Yeye alisema inaendeshwa kwa michango ya wahisani, huku wawakilishi wadi wakivutana naye karibu katika kila jambo. Walipiga kura ya kumng'oa Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili, ya tatu ikamwondoa, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakataa kumrudisha. Isaac Mutuma akaapishwa kuwa gavana mahali pake. Mashtaka yalikuwa mengi, na kila msomaji ana upande wake. Sisi tunamuuliza kila anayetawala Meru na Embu: mama aliyekuwa akingojea nyumba sasa amwendee nani, kwa sheria gani, kwa fungu gani la bajeti?

Huku Marekani wasio na makao tunawaona mahemani, chini ya madaraja. Hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2024 ilikuta watu 771,480. Kenya nayo ilihesabu watu wa mitaani mwaka 2018, ikapata 46,639. Hesabu hiyo haikumgusa mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake, anayelala jikoni kwa jirani na watoto wake. Huyo ndiye asiye na makao wa kwetu, na wengi wetu tunamjua kwa jina kwa sababu ni shangazi yetu au mke wa marehemu kaka yetu. Mara nyingi tatizo lake la kwanza ni shamba. Ukimjengea kwenye ardhi yenye kesi, umemjengea atakayemfukuza.

Inauma zaidi kwamba wengi wetu tuna nyumba kubwa nyumbani, zenye vigae na geti, zimefungwa mwaka mzima na mlinzi peke yake anazunguka uwanjani.

Kwa hiyo tunapendekeza jumuiya yetu isichangie nyumba yoyote kabla ya kuona karatasi za ardhi zenye jina la atakayeishi humo. Ikiwa hazipo, mchango wa kwanza uwe wa wakili na mpimaji. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, nao waombwe kusimama hadharani na wajane, kwa kuwa migogoro mingi ya mashamba hupita mikononi mwao.

Sisi wa ughaibuni hatumpigii gavana kura. Katika uchaguzi mkuu, kura yetu ni ya rais tu. Hata hivyo, sauti tunayo, na ndugu zetu wanapiga kura. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya siku hiyo, mpigie au mwandikie mwakilishi wadi wa kwenu. Mwambie unataka fungu la makazi ya wasiojiweza, orodha ya wanaongojea ibandikwe ofisi ya wadi, na sheria itakayodumu gavana yeyote akiondoka.