Mwenye Ndege na Mwenye Jahazi Mbele ya Forodha

Ndugu wanachama, imezoeleka katika mabaraza yetu kusemwa kwamba forodha ni ya mnyonge, na kwamba tajiri mwenye ndege yake mwenyewe huingia nchi aitakayo na hutoka atakapo, kwa kuwa angani hakuna bandari wala mtu wa kumwuliza amechukua nini. Maneno haya humfurahisha aliyechoshwa na usumbufu wa bandarini, lakini si kweli, tena yana madhara. Mtu akishaamini kuwa sheria imetungwa kwa kumbana yeye peke yake, huacha kuidai haki yake iliyomo ndani ya sheria hiyo hiyo. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kueleza mwenye ndege atakiwa nini anapovuka mpaka, kisha tuulize lile linalotuhusu sisi.

Msingi wa mambo haya ni Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa saini na nchi 52 katika mji wa Chicago tarehe 7 Desemba 1944, na Tanzania nayo ni miongoni mwa nchi zilizofungwa nao. Kifungu cha 10 chasema kuwa ndege iingiayo katika nchi, ikiwa nchi hiyo imeamuru hivyo, lazima itue katika kiwanja kilichowekwa kwa ajili ya ukaguzi wa forodha. Kifungu cha 16 chawapa wenye mamlaka haki ya kuipekua ndege inapotua na inapoondoka, ila wasiicheleweshe pasipo sababu. Kifungu cha 29 chataja karatasi za kuchukuliwa safarini: cheti cha kuandikishwa ndege, cheti cha uzima wake, leseni za wanaoiendesha, daftari la safari, orodha ya majina ya abiria na mahali walikopandia na wanakokwenda, na orodha ya shehena. Hapana neno katika vifungu hivyo linalomsamehe mtu kwa wingi wa mali yake.

Natutazame Marekani, nchi yenye ndege za watu binafsi nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Tangu tarehe 18 Mei 2009, rubani wa ndege ya namna hiyo, akiingia au akitoka nchini humo, hana budi kupeleka kwa mtandao majina ya wote waliomo, pamoja na khabari za ndege na za safari, si chini ya dakika 60 kabla ya kuruka. Haruhusiwi kuruka mpaka apate jibu la kukubaliwa. Wala jibu hilo peke yake halimtoshi, kwani lazima apate pia ruhusa ya kutua kutoka kwa watu wa forodha wa kiwanja anachokikusudia. Akitokea upande wa kusini, hutakiwa kutoa taarifa saa moja kabla ya kuvuka mpaka, na kutua katika kiwanja kilichotajwa kilicho karibu zaidi na pale alipovukia, ila awe ameomba msamaha maalumu na kupewa. Akishatua, abiria na mizigo hawaendi popote mpaka afisa awaachie. Akivunja amri hizi, aweza kutozwa dola 5,000 kwa mara ya kwanza, na dola 10,000 kwa kila mara ifuatayo.

Mambo ni kama hayo kwengineko. Kanada humtaka rubani apige simu kwa watu wa forodha si chini ya saa 2, wala si zaidi ya saa 48, kabla ya kufika, na apige tena akishatua. Uingereza nayo, tangu Aprili 2024, humtaka apeleke taarifa ya safari na ya watu wake kwa mtandao baina ya saa 48 na saa 2 kabla ya kuruka, na asiyefanya hivyo aweza kutozwa hadi pauni 10,000. Basi yule tuliyedhani hupita bila ya kuulizwa, kumbe hubisha hodi kabla hajaondoka kwao.

Lakini tusiishie hapo, maana iko sehemu ya pili ya khabari hii, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Mwenye ndege hubeba mzigo wa sheria, lakini pia hufaidi wema wake. Kifungu cha 22 cha Mkataba chazitaka nchi zirahisishe safari na ziepushe ucheleweshaji usio wa lazima. Kifungu cha 24 chasema kuwa ndege iingiayo kwa muda haitozwi ushuru, maadamu inafuata amri za forodha za nchi hiyo. Wala havitozwi mafuta yaliyomo, wala vipuri na vyakula vilivyo ndani yake, vikibaki humo humo hadi inapoondoka. Zaidi ya yote, huyo bwana huyajua haya yote angali nyumbani kwake. Aijua saa, akijua kiwanja, aijua karatasi, na hata faini yake aijua kwa hesabu. Hapana anayemzulia jambo jipya akishafika.

Sasa tumtazame mwenzetu mwenye jahazi, atokaye Pemba kwenda Mombasa au Shimoni, naye avuka mpaka wa nchi mbili kama yule wa angani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yawataja pamoja mkuu wa ndege na nahodha wa chombo, na kuwaamrisha wote wawili wasifikie mahali pasipowekwa kwa kazi hiyo bila ya ruhusa. Kwa maandishi, basi, wako safu moja. Je, na kwa vitendo?

Sisi wenye maduka tumeona ya kwetu. Tumeona, katika bandari ambayo hatutaitaja, korija moja ya kanga ikitozwa kiasi hiki Jumatatu na kiasi chengine Alkhamisi, na aulizaye sababu akaambiwa asubiri. Tumeona mzigo ukilazwa juani tangu asubuhi hata jua likachwa, pasi na mtu wa kusema umezuiliwa kwa lipi. Tumeona fedha zikitolewa na stakabadhi isitolewe. Haya hayamo katika sheria yoyote. Ni dhulma iliyovaa kanzu ya sheria.

Watakuja wasemao kuwa vyombo vidogo ndivyo vichukuavyo magendo, hivyo vyastahiki ukali. Twajibu kwamba ndege nazo huchukua magendo, na hao Wamarekani hawakuwawekea masharti wanaotoka kusini kwa mapenzi. Lakini shaka yao waliiandika ikawa kanuni, yenye saa na mahali, kila mtu akaisoma. Hawakumwachia afisa aamke na kanuni yake. Ukali ulioandikwa humtisha mwizi. Ukali usioandikwa humla mwenye haki, na mwizi huununua. Wengine watasema watu wetu hawajui kujaza karatasi. Basi na ziandikwe kwa Kiswahili, kwani hakuna aliyezaliwa akizijua.

Kwa insafu twataka mambo manne. Viwango vya ushuru vibandikwe kwa Kiswahili ukutani katika kila bandari, ndogo na kubwa. Nahodha aweze kutoa taarifa ya safari yake kabla ya kutweka, naye aambiwe ni saa ngapi atakaguliwa. Tanga, mashine, mafuta na chakula cha mabaharia visihesabiwe kuwa shehena, kama visivyohesabiwa vya mwenye ndege. Na kila shilingi ipokewayo itolewe stakabadhi.

Na ninyi wanachama mna sehemu yenu. Taja mzigo wako wote kwa ukweli, kwani afichaye kimoja hana uso wa kudai cha pili. Shika stakabadhi yako, usiitupe. Ukinyimwa, andika siku, saa na kiasi, ulete tawini, yakusanywe yapelekwe kwa wakubwa yakiwa na ushahidi. Na ambaye hasomi, asomewe karatasi hii barazani, ajue kuwa yule wa angani na yeye wa baharini wamewekewa mlango mmoja, na kwamba akiomba apokewe kama mwenzake haombi hisani ya mtu.