Zabibu za Dodoma: kiangazi chaweza kuleta wageni mashambani

Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima barabarani huchukua takriban saa tatu na nusu. Wengi wanaoshuka Makao Makuu huja kwa shughuli za ofisini, kisha hurejea. Mashamba ya zabibu yaliyo nje kidogo ya jiji hawayafikii, hasa wakati wa joto.

Zao hilo liliingizwa Bihawana na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na leo hustawi pia Hombolo, Makutupora na Chinangali, wilayani Chamwino. Tofauti na nchi za Ulaya, ambako mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, Dodoma huvuna mara mbili. Mavuno ya Agosti na Septemba huangukia ukavu, hivyo tunda hukusanya sukari bila kuharibiwa na ukungu unaoletwa na mvua. Jua lilelile linalomkimbiza mgeni ndilo linaloutengeneza mvinyo.

Kwa mkulima, msimu huo una wasiwasi wake. Zabibu iliyokatwa haisubiri: ikikaa juani bila mnunuzi huanza kuchacha, na mwenye shamba hulazimika kupokea bei yoyote anayotajiwa. Ndiyo sababu usindikaji wa mchuzi wa zabibu umepewa uzito, kwa kuwa mchuzi huhifadhika ilhali tunda huoza. Ushuru wa bidhaa nao hutozwa kwa kiwango nafuu kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini.

Isidhaniwe kwamba watalii watamaliza tani zinazobaki mashambani. Hilo ni kazi ya viwanda na mikataba. Faida ya mgeni iko kwingine. Aliyeonja mvinyo mahali ulipotengenezwa huuulizia dukani arudipo Dar es Salaam au Mwanza, ambako chupa za nje zimeujaza mstari wa mbele wa rafu. Lakini mgeni huyo hahitaji mvinyo pekee. Anahitaji kivuli, maji ya kunywa, choo safi na njia inayopitika, mambo ambayo halmashauri na vyama vya ushirika vinaweza kuyashughulikia kabla ya kutangaza utalii wowote.

Anayepanga safari ya kiangazi afike shambani alfajiri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Wavunaji nao huanza mapema ili tunda lisifike kiwandani likiwa na joto. Kufikia saa sita mchana kazi huwa imepungua na vumbi limetanda. Inafaa kuwasiliana mapema na kiwanda au ushirika husika, na anayekusudia kuonja asiendeshe gari.