Nukuu Nyingi Hazimfanyi Mtafiti Kuwa Bora

Imani kwamba mtafiti anayenukuliwa sana na mwenye washirika wengi ndiye mtafiti bora imeota mizizi vyuoni. Faili la mwombaji wa cheo linafunguliwa, ukurasa wake wa Google Scholar unachunguliwa, kipimo cha h kinasomwa kwa sauti, na uamuzi unapitishwa bila mjumbe hata mmoja kusoma makala yake. Katika fani ya mawasiliano ya simu, imani hii ni potofu kabisa.

Chukua simu ya 5G. Data inayopita hewani hukingwa na makosa kwa misimbo ya LDPC, iliyobuniwa na Robert Gallager katika tasnifu yake ya udaktari pale MIT mwaka 1960. Kompyuta za enzi hizo hazikuimudu, na kwa takriban miaka 30 walioigusa walikuwa wachache mno. Mhesabu nukuu wa mwaka 1975 angeiandika kuwa kazi mfu. Ilifufuliwa miaka ya 1990, na sasa dunia nzima inaitegemea.

Ishara za udhibiti za simu hiyohiyo hutumia misimbo ya polar ya Erdal Arıkan, wa Chuo Kikuu cha Bilkent nchini Uturuki. Makala yake ya mwaka 2009 ina jina moja tu, lake. Mchora ramani ya ushirikiano, anayeunganisha majina ya waandishi wenza, angeiona makala hiyo kama nukta iliyojitenga. Asingejua kwamba Arıkan alisomea udaktari chini ya Gallager yuleyule. Ushirikiano uliozaa matunda ulikuwa wa mwalimu na mwanafunzi, na hakuna hesabu ya majina inayouona.

Kipimo cha h chenyewe, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni hesabu nyepesi: ukiwa na makala 20 zilizonukuliwa walau mara 20 kila moja, unapata 20. Basi mwenye makala moja tu, hata ikinukuliwa mara 10,000, anapata 1. Aliyetia jina lake kwenye makala 30 za kupitia kazi za wenzake, kila moja ikanukuliwa mara 30, anapata 30.

Tena ipo kazi isiyohesabiwa kabisa. Viwango vya simu huamuliwa katika vikao vya 3GPP, muungano wa kimataifa wa mashirika ya viwango vya mawasiliano, ambako wahandisi huleta mapendekezo ya maandishi na kuyabishania kipengele kwa kipengele. Hoja inayoshinda pale huingia kwenye mamilioni ya simu, lakini kwenye orodha ya nukuu mwenye hoja hana kitu.

Watetezi wa namba husema zinazuia upendeleo. Hofu yao naielewa, maana vyeo vya kujuana vinaumiza. Lakini namba nazo hupikwa: kundi hukubaliana kunukuliana, na mkuu wa maabara huwekwa jina kwenye makala ambayo hakuifanyia kazi. Anayeumia ni mhadhiri kijana wa Dodoma au Eldoret anayetaka kuchunguza kwa nini mtandao unakatika vijijini, swali ambalo majarida makubwa hayalikimbilii.

Azimio la San Francisco la mwaka 2012, kuhusu tathmini ya utafiti, lilitaka kazi ipimwe kwa ubora wake wenyewe. Vyuo vyetu vianzie hapo: mwombaji alete kazi zake tatu, aeleze yeye mwenyewe alifanya nini katika kila moja, na wajumbe wazisome kabla ya kikao.