Kabla ya kuleta moto Baraka, tuonyeshwe hesabu

Wandugu vijana wa Baraka, Fizi na Ubwari,

Kila wakati wa uchaguzi tunasikia maneno yale yale: moto utakuja. Tunapiga makofi, mkutano unakwisha, usiku tunarudia ku pano yetu ndogo na jenereta ya jirani. Mu Kongo yote, ku watu kumi, wenye kuwa na umeme ni karibu wawili tu. Kwa hiyo kudai moto ni haki. Lakini tunasema wazi: kudai moto peke yake haitoshi. Tudai na hesabu yake.

Juu ya nini? Angalieni wenzetu wenye kuwa na SNEL. Ruzizi I inafanya kazi tangu 1958, Ruzizi II tangu 1989, na hii ya pili tunaigawana na Rwanda na Burundi. Zote mbili pamoja zilijengewa nguvu ya karibu megawati 73. Moto ni kidogo, miji imekua, basi ni delestaji. Lakini raia hajui moto utakatwa saa ngapi, wala kama mtaa mwingine umekatiwa vilevile. Mwenye hana kompteri analipa forfe, hata kama alikaa mu giza siku nyingi.

Hesabu inasaidia nini? Tuseme kuko kompteri moja ku transfo na moja ku kila nyumba. Transfo imetoa 100, manyumba yote pamoja yanaonyesha 70. Ile 30 imeenda wapi? Ao waya umechakaa, ao mtu amejiunganisha usiku, ao kuko mkubwa anayetumia moto bila kupitia kompteri. Fundi anajua mtaa wa kuanzia, hazunguke mji muzima. Mu Uganda, kampuni Umeme ilipoanza kazi 2005, moto uliokuwa unapotea ulikuwa karibu 38 kwa mia. Kisha ukashuka chini ya 20. Haikuwa hesabu tu: waya zilibadilishwa, watu wakalipa mbele, na bei ilileta malalamiko mengi. Lakini bila kupima, nani angejua pa kuanzia?

Na hesabu ya Baraka haiwezi kuandikwa Kinshasa. Wavuvi wetu wa ndagala wanavua na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, mitumbwi inalala ku pwani na batri za taa hazichajiwi. Mwenye kuchukua wastani wa mwezi muzima atajenga kituo kinachoshindwa siku za giza na kulala bure siku za mbalamwezi. Mwenye kuhesabu siku kwa siku ataona kwamba siku zile moto unaweza kusaga mihogo na kusukuma maji. Hiyo ndiyo faida ya takwimu: inaonyesha maisha yetu namna yalivyo.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia kampuni zingine mlango wa umeme, na iliweka mamlaka ya kusimamia sekta, ARE. Basi kesho kampuni inaweza kufika hapa na pano zake. Karibu sana. Lakini mu mkataba tunataka haya:

1. Kompteri ku kila transfo na ku kila nyumba. Forfe hapana.

2. Kila mwezi, ku mlango wa meri na ku redio, watangaze masaa ya moto ya kila mtaa, moto uliotoka na moto uliolipwa.

3. Hesabu ya nyumba moja isitangazwe. Kompteri inaonyesha saa ambazo nyumba ni tupu, na kwetu wenye silaha wanatembea usiku. Itangazwe ya mtaa, ya mtu ibaki siri.

4. Hospitali na maternite zisikatiwe moto bila kujulishwa mbele.

Na sisi tusikae mikono mitupu. Kila mtaa uwe na kijana mmoja mwenye kaye: jenereta ziliwaka masaa ngapi, mazutu litre ngapi, kuchaji simu bei gani, siku gani wavuvi walitoka. Tuandike miezi sita bila kuruka siku. Kampuni ao mheshimiwa akikuja na namba zake, tutafungua kaye zetu mezani, tulinganishe.

Moto ni wetu. Hesabu nayo ni yetu.