SHAHADA YA BAHARI NA MASWALI YA MAMA

Katika darasa letu la Kidato cha Nne wako wanaotaka kuwa madaktari, na wako wanaotaka kuwa mawakili. Mimi nataka kusoma elimu ya bahari, na nikijaliwa, niendelee mpaka shahada ya pili. Kwa hiyo naona yafaa niseme mapema namna ninavyotaka kufundishwa.

Kwetu ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, na mama yangu hulima mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani aina ya kotonii ndio wenye bei nzuri, lakini haustahimili maji ya moto. Siku za kaskazi, maji yakipwa na jua likiwa kali, hugeuka mweupe, ukalainika na kukatika. Mama amepoteza kamba nyingi namna hiyo, na muhula mmoja nilichelewa kurudi bwenini kwa kukosa nauli.

Mwaka juzi alikuja kwetu kijana mmoja anayesomea shahada ya pili. Alipima joto la maji, akahesabu kamba, akawauliza kina mama maswali mengi, nao wakamjibu kwa moyo mweupe. Kisha akaenda zake. Mpaka leo mama huniuliza, “Yule mgeni aliona nini?” Sina la kumjibu. Kijana yule simlaumu. Huenda alitimiza yote aliyotakiwa. Kasoro imo katika masharti yenyewe.

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Unguja mwaka 1978. Wakati huo mama zetu walikuwa bado hawajaanza kuuza mwani wa kulima, wala haujafika mwaka 1998, ambapo matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa kwa joto. Bahari imebadilika. Basi masomo ya kila chuo cha bahari hayana budi kutazamwa upya.

Shauri langu ni hili: mtu asipewe shahada ya pili ya bahari mpaka arudi pale alipofanya uchunguzi wake, aeleze kwa Kiswahili mbele ya wavuvi na wakulima alichokiona, na ayajibu maswali yao. Jambo hilo lihesabiwe kuwa mtihani, na liwepo somo la kumtayarisha.

Wenzangu bwenini hunipinga. Husema muda wa masomo ni mfupi, na anayeongeza somo moja hana budi kupunguza jingine. Ni kweli. Basi lipunguzwe moja la hiari. Hesabu na kemia zibaki, maana bila hizo msomi hatakuwa na la kueleza.

Tena faida si ya kijiji peke yake. Wataalamu hushauri mwani uhamishiwe maji ya kina kirefu, yasiyopata moto upesi. Ushauri huo ni mzuri, lakini mama hajui kuogelea, wala hana chombo. Msomi atakayesimama mbele yake ataulizwa hilo, naye atajifunza jambo la kuchunguza zaidi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimu wetu na wazazi wetu, nanyi mwaonaje? Mimi nikiipata shahada hiyo, hata kama sharti hili halijawekwa, nitarudi kumjibu mama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne